Kocha Msaidizi wa Nani? Historia ya Kazi Isiyo na Ngazi, Kutoka Springfield hadi Kasulu

Kila timu ya taifa inaposhindwa, mjadala wetu huanza na kuishia kwa kocha mkuu. Tunauliza analipwa kiasi gani, ametoka nchi gani na atafukuzwa lini. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyemfundisha mchezaji huyo alipokuwa na umri wa miaka 19, katika chuo gani na kwa malipo gani. Swali hilo la pili ndilo linalonishughulisha leo. Nataka kuijadili historia ya mtu mmoja asiyeonekana katika maisha ya umma wetu, yaani kocha msaidizi wa mpira wa kikapu katika chuo kidogo, na nataka kumjadili nikiwa nimeegemea wilaya moja ya nyanda za juu za Kigoma, Kasulu, ambako nimefika mara kadhaa kusimamia mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wetu wa ualimu.

Msomaji anaweza kuona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa uliozoea kujadili katiba, bajeti na madaraka. Naomba anivumilie. Namna dola inavyomtendea mtu wa cheo cha chini kabisa katika kazi isiyo na umaarufu hutufundisha mengi kuhusu dola hiyo kuliko hotuba za sherehe.

Mchezo uliobuniwa na mwalimu wa chuo

Mpira wa kikapu ni miongoni mwa michezo michache mikubwa ambayo mwanzo wake unajulikana kwa tarehe, mahali na mtu. Desemba 1891, katika chuo cha mafunzo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, mwalimu kijana mzaliwa wa Kanada aitwaye James Naismith aliagizwa na mkuu wake, Luther Gulick, kutafuta mchezo wa ndani wa kuwashughulisha wanafunzi wakati wa baridi. Alipewa siku 14. Akaning'iniza vikapu viwili vya kuwekea matunda, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu 9. Mchezo wa kwanza ulimalizika kwa bao 1 kwa 0.

Ninalolisisitiza hapa ni mazingira. Mchezo huu haukuzaliwa katika jeshi, kiwandani wala katika klabu ya matajiri. Ulizaliwa chuoni, kutokana na tatizo la kawaida la ualimu: darasa lenye wanafunzi waliochoka na mwalimu anayetakiwa kufanya kitu kabla ya muhula kwisha. Mwaka 1898 Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akawa kocha wa kwanza wa timu ya chuo hicho. Alishinda michezo 55 na kushindwa 60. Hadi leo, mwanzilishi wa mchezo ndiye kocha pekee katika historia ya Kansas aliyeondoka akiwa amefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Chuo hakikumtupa. Kilimhesabu kuwa mwalimu, na mwalimu hapimwi kwa jedwali la ligi peke yake.

Ngazi, na waliozuiwa kuipanda

Kutoka katika mbegu hiyo Wamarekani walijenga ngazi. Kijana anamaliza masomo, anabaki chuoni akiwa msaidizi wa kocha kwa posho ndogo, anabeba mipira, anaandika takwimu za mchezo, anawasaka wachezaji vijijini. Baada ya miaka michache anahamia chuo kingine akiwa msaidizi wa daraja la juu zaidi, kisha anapewa timu yake mwenyewe. Wengi hawafiki juu. Hata hivyo kila mmoja anajua kipandio kinachofuata kiko wapi.

Mfano unaonivutia ni wa Gregg Popovich. Alianza akiwa kocha msaidizi katika chuo cha jeshi la anga la Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 akapewa timu ya Pomona-Pitzer, vyuo viwili vidogo vya California visivyotoa ufadhili kwa wanamichezo. Katika msimu wake wa kwanza alishinda michezo 2 na kushindwa 22. Mwaka 1986 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa kanda yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 68. Baadaye akiwa na San Antonio Spurs alishinda ubingwa wa NBA mara 5, kati ya 1999 na 2014. Jiulize, ndugu msomaji, ni taasisi gani ya kwetu ambayo ingemvumilia mtu aliyefungwa mara 22 katika msimu mmoja na bado ikampa miaka mingine 7.

Lakini ngazi hiyo ilikuwa na mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo alikuwa ubaguzi wa rangi. John McLendon, Mmarekani Mweusi, alijiunga na Kansas mwaka 1933. Naismith akawa mlezi wake wa masomo, lakini McLendon hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Alihitimu mwaka 1936, akaenda kuwa kocha msaidizi katika chuo kidogo cha Weusi mjini Durham, North Carolina, na mwaka 1940 akawa kocha mkuu hapo. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1944, timu yake ilicheza kwa siri, milango ikiwa imefungwa na bila watazamaji, dhidi ya timu ya Wazungu ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke. Sheria na desturi za kusini zilikataza mchezo wa namna hiyo. Vijana wa McLendon walishinda kwa 88 kwa 44. Kati ya 1957 na 1959 aliipa Tennessee A&I ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mara 3 mfululizo. Ni mwaka 1966 tu, katika Chuo Kikuu cha Cleveland State, ndipo alipopewa timu ya chuo chenye Wazungu wengi, akiwa Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Historia ya McLendon inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kipaji cha ualimu kinaweza kukua mahali palipobanwa sana, ilimradi pawe na taasisi, hata ndogo, inayompa mtu kazi yenye jina na mshahara. La pili, kukosa ngazi na kuzuiwa ngazi ni mambo tofauti, na kila moja lina dawa yake. Yeye alizuiwa. Sisi, kwa sehemu kubwa, hatujaijenga.

Sisi tuliamua nini

Mwaka 1967 unakumbukwa kwa Azimio la Arusha na kwa Elimu ya Kujitegemea. Wachache wanakumbuka kuwa mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Dola changa iliamua kwamba michezo ni jambo la umma, lisiloachiwa klabu za wakoloni na jumuiya za kikabila. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima, na matunda yake yalionekana mapema. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali mbili za fedha kutoka Moscow.

Tukaunda pia mashindano: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, UMISAVUTA kwa vyuo vya ualimu. Kila Mtanzania wa rika langu aliyewahi kukimbia au kuruka anazo kumbukumbu za vifupisho hivi. Tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo. Tunao maafisa michezo katika halmashauri.

Kwa hiyo kusema kwamba dola haikufanya lolote ni uongo. Udhaifu uko katikati ya mfumo. Tuliunda mashindano, yaani tukio la wiki moja au mbili kwa mwaka, na tuliunda ofisi, yaani mtu wa kuandika barua na kuratibu safari. Kati ya tukio na ofisi tuliacha pengo: saa 10 alasiri ya Jumanne ya kawaida, mwezi usio na mashindano, uwanjani. Saa hiyo ndiyo inayomzaa mchezaji, na saa hiyo ndiyo ambayo kocha msaidizi anaishikilia bila cheo.

Shinikizo la elimu kwa wote nalo lilichangia. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto, na vyuo vya ualimu vikatakiwa kutoa walimu wengi kwa muda mfupi. Wimbi la pili lilikuja na mipango ya MMEM na MMES mwanzoni mwa karne hii. Katika kipindi hichohicho mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanapoteza muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, lakini mnyororo wa urithi ulikuwa umekatika. Kijana ambaye angejifunza ukocha kwa kumwangalia mwalimu wake hakuwa na wa kumwangalia.

Tazama mfano wa Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Tunajivunia haki yake. Ila tukumbuke kwamba miaka 3 iliyomfikisha hapo aliipitia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya benchi zima la makocha, wakiwamo wasaidizi ambao hakuna Mtanzania anayeyajua majina yao. Kimo alikitoa nyumbani. Benchi alilikuta ugenini.

Kasulu, nchi ya kutoa watu

Sasa nirudi Kasulu. Mji huu wa udongo mwekundu, ulio karibu kilomita 90 kutoka Kigoma mjini, una vyuo vya ualimu, una makao makuu ya Dayosisi ya Anglikana ya Western Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1966, na jirani yake ni Kabanga, misheni ya zamani ya Wakatoliki. Kwa upande wa elimu, si mahali pa kudharauliwa. Hapa ndipo ilipokuwa himaya ya Heru, ambayo mtawala wake, Mwami Theresa Ntare, alifika hadi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wakati ambapo wanawake wenye nafasi hiyo walihesabika kwa vidole.

Lakini uchumi wa kikoloni uliipangia Buha kazi nyingine. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa Waha wengi ikawa njia ya kuondokea. Serikali ya Waingereza iliifanya nchi hii kuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Manamba waliandikishwa, wakasafirishwa, wakafanya kazi, na wengine hawakurudi. Baada ya uhuru, mwaka 1972, Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuonja operesheni za kuhamishia watu vijijini. Kwa vizazi kadhaa, mtu wa Buha amezoea kupangiwa mahali pa kwenda na mamlaka iliyo mbali.

Nilielewa uzito wa historia hiyo katika mazungumzo na mkufunzi mmoja wa chuo ambacho sitakitaja. Anafundisha biolojia. Jioni anafundisha mpira wa kikapu kwenye uwanja wa udongo uliopigwa ukakaza, wenye ubao mmoja wa mbao na mwingine wa bati. Mvua za masika zinapoanza, mpira haudundi, na mazoezi yanageuka kuwa ya kupasiana na kukimbia. Wanafunzi wanamwita kocha msaidizi. Nilimuuliza kocha mkuu ni nani.

"Daktari, kocha mkuu alihamishwa mwaka wa tatu sasa," alinijibu. "Mimi ni msaidizi wa kiti kitupu."

Nikamuuliza kwa nini asijiite kocha mkuu, kwa kuwa kazi yote anaifanya yeye. Alicheka kwa upole. Aliniambia kwamba barua ya kumteua kuwa msaidizi iliandikwa na mkuu wa chuo wa wakati ule, na barua nyingine haijaandikwa. Katika utumishi wa umma, mtu hujiita vile barua yake inavyomwita. Akaniambia pia kwamba shule moja ya binafsi katika jiji kubwa imemwita kwa mshahara mzuri zaidi, kwa sababu imesikia habari za timu yake. Alikuwa hajaamua. Mke wake anafundisha palepale Kasulu, na wazazi wake ni wazee.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Akiondoka, hatavunja sheria wala hatamsaliti mtu. Atakuwa ametumia haki yake. Lakini chuo kitabaki na ubao wa bati na wanafunzi ambao mwaka ujao watapangiwa shule za msingi za Kibondo, Kakonko, Buhigwe na kwingineko wakiwa hawajui hata kanuni za mchezo. Mwalimu mmoja aliyefundishwa vizuri chuoni huenda na mchezo hadi shuleni kwake, na huko hukutana na mamia ya watoto. Chuo cha ualimu ni chemchemi kwa maana hiyo, na anayeilinda chemchemi yenyewe hana cheo. Zamani treni ndiyo iliyobeba nguvu za Buha kwenda kwingine. Leo ni barua ya ajira kutoka mjini.

Jirani aliye nyuma ya uzio

Kuna jambo jingine ambalo Kasulu inalo na wilaya nyingi hazina. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015, mgogoro wa kisiasa wa Burundi ulipozuka, kambi hiyo ikapokea maelfu mengine na kuvuka idadi ya watu 100,000. Kambi ya Nduta wilayani Kibondo nayo ikafunguliwa upya. Watu hawa wametoka katika nchi ambazo mpira wa kikapu una mizizi mijini, kuanzia Bujumbura hadi Bukavu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mkufunzi wa Kasulu na kocha mkimbizi wa Kirundi wanaweza kubishana juu ya namna ya kuzuia kwa saa nzima bila mkalimani.

Hata hivyo Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa, na kutoka kunahitaji kibali. Zipo sababu za kiusalama, na sizipuuzi. Mkoa huu umelipa gharama kubwa ya vita za majirani. Ila sheria hiyohiyo inatambua kibali, na kibali ni chombo cha sera. Kibali cha alasiri moja kwa wiki, kwa kocha mmoja mwenye ujuzi, kwenda katika chuo cha umma chini ya dhamana ya mkuu wa chuo, hakiwezi kuyumbisha usalama wa taifa.

Iten ilifanya nini

Atakayesema kwamba vijiji vya milimani haviwezi kuzaa makocha wa maana na aitazame Iten, Kenya. Mwaka 1976 mtawa wa Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika Shule ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo ya riadha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu Mwingereza aliyekuwa akiwafundisha wakimbiaji; mwalimu huyo alipoondoka, msaidizi akabaki na timu. Katika mikono yake wakapita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012.

Wengi huisimulia habari hii kama muujiza wa mtu mmoja au wa hewa ya mlimani. Mimi naisoma kama habari ya kutohamishwa. Msaidizi aliachwa mahali pamoja kwa miongo kadhaa, shule ikamtambua, shirika lake la kitawa likamlisha, naye akapata muda wa kujifunza kazi kwa kuwatazama watoto wakikimbia. Mkufunzi wa Kasulu ana kila kitu alichokuwa nacho Bruda Colm siku ya kwanza, isipokuwa uhakika wa kubaki.

Nini kifanyike

Sipendekezi tuige Marekani, ambako fedha za televisheni zimeugeuza ukocha wa vyuo vikubwa kuwa biashara. Napendekeza mambo manne yanayowezekana ndani ya bajeti tuliyonayo, na nawaandikia zaidi wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma.

Kwanza, saa za mazoezi zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mkufunzi na ziingizwe katika malengo yake kwenye mfumo wa PEPMIS. Kazi isiyoandikwa haipimwi, na isiyopimwa haimpandishi mtu daraja.

Pili, kila chuo cha ualimu kiwe na barua mbili za uteuzi zilizo hai wakati wote, ya kocha mkuu na ya msaidizi, na mmoja akihamishwa mwingine athibitishwe kabla ya muhula kwisha.

Tatu, msaidizi aliyehudumu miaka mitatu apewe nafasi ya masomo Malya au chuo kikuu, kwa mkataba wa kurejea katika wilaya aliyotoka.

Nne, wizara zinazohusika na elimu, michezo na mambo ya ndani zikae pamoja kuhusu vibali vya makocha wakimbizi katika wilaya za Kasulu na Kibondo.

Wanaharakati nao wana sehemu yao. Tumezoea kudai viwanja, kwa sababu kiwanja kinapigwa picha na kuzinduliwa. Tujifunze kudai vyeo, masaa na barua. Nanyi wanafunzi wangu, ambao mwakani mtapangiwa vituo msivyovichagua, kumbukeni kwamba mtoto wa darasa la tano huko mwendako huenda akaujua mchezo huu kupitia kwenu tu, na mtakachompa kitatokana na jioni ambazo mtu fulani asiye na cheo aliwapa ninyi bila kulipwa. Ofisa atakayesoma makala haya akiwa na faili la uhamisho mezani ana jambo rahisi la kufanya kabla ya kutia saini: aulize nani anabaki na timu.